Mama Wawili wa Rahma

Kazi yangu ya kwanza hapa London ilikuwa kukaa. Nilitoka Wundanyi, kwetu Taita nchini Kenya, na cheti cha uuguzi, mikono imezoea sindano na bandeji, nikapangiwa wodi ya wanawake wenye maradhi ya akili. Muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke wa Ireland aliyeitwa Maureen, akanionyesha kiti. Kando ya kiti hicho alikuwepo bibi mmoja Mwingereza akiangalia dirisha lililofungwa pazia. "Kaa naye," Maureen akasema. Nikauliza nikishakaa nifanye nini. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe," akanijibu, akaenda zake.

Nilikaa hadi chakula cha mchana. Bibi hakusema neno wala hakunitazama. Nilijiona mjinga, mtu aliyevuka bahari kuja kulipwa kwa kukalia kiti. Nilipoinuka, bibi akavuta mguu wake kidogo ili nipite. Nilimweleza Maureen kama kichekesho, naye akakitangaza kwenye makabidhiano ya zamu kama habari kubwa ya siku. Nilidhani ananidhihaki. Nilikuja kuelewa baadaye, baada ya kukaa kando ya wanawake wengi, kwamba ilikuwa habari kubwa kweli.

Nimestaafu majuzi. Ninyi vijana mliobaki, wauguzi na watunza wazee mnaozungumza Kiswahili mkiwa ndani ya lifti na Kiingereza mlango ukifunguka, mmeniomba niwaandikie machache. Vyeo nitaviruka, kwa sababu havijazi mstari. Mshahara mnaujua. Nitawaeleza juu ya kazi, na zaidi juu ya mwanamke mmoja, maana mengine yote niliyojifunza nilikuja kuyaona kwake.

Maureen hakuwa mtu wa mihadhara. Alifundisha kwa kupita na chai mkononi, akitupa neno moja na kuendelea na njia yake. Muulize mgonjwa kuhusu asubuhi, alisema, kwa kuwa sonona ikikomaa asubuhi ndiyo huwa mbaya kuliko saa zote. Muulize mara ya mwisho kitu kilimpa raha lini, usimuulize kama ana huzuni. Usimwambie ajikaze. Hilo la mwisho lilinigusa, kwani nilikotoka "jikaze" ndiyo dawa ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwanamke hupewa dozi kubwa kuliko mwanamume. Amezaa, ajikaze. Mume amehama, ajikaze. Nilipomweleza Maureen maana ya neno hilo, alifikiri kidogo akasema, "Sisi pia tunalo. Lilimuua shangazi yangu."

Kuhusu jina la ugonjwa wenyewe, mtasikia mengi. Watanzania waliosoma wanauita sonona. Redio za Kenya zinasema unyogovu, au mfadhaiko. Katika miaka yangu yote sijapata mwanamke Mswahili aliyenifungulia mlango akaniambia, nesi, nina sonona. Waliniambia kichwa kinawaka moto. Mgongo. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimelala. Chakula kina ladha ya karatasi. Wanatumwa kupima damu, na hilo ni sawa, msiliruke kamwe, kwa sababu upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo vinaweza kumchosha mtu hivyo hivyo. Lakini damu ikirudi safi, usimwambie kwamba hana kitu. Kitu anacho.

Na msichanganye na msiba. Mfiwa hulia, akala kidogo, akacheka mtu akimkumbusha kisa cha marehemu, akalia tena. Wagonjwa niliokuwa nikiwatembelea, wengi wao hata kulia walishindwa. Mmoja aliniambia angelipa nauli kwenda mahali popote ambapo machozi yanapatikana.

Wodi ile kubwa ilipofungwa tulitawanywa mitaani kuwatembelea wagonjwa majumbani, nikaangukia Barking, mashariki mwa London. Vifaa vyangu vilikuwa mkoba, kipimo cha presha, simu ya ofisi iliyokufa chaji kila ilipohitajika, na viatu. Nunueni viatu vizuri. Majengo mengi yana lifti, na lifti nyingi zina karatasi iliyobandikwa ya kuomba radhi. Kubalini chai mnapopewa, hata kama ni ya tano tangu asubuhi, maana mwanamke aliyeweza kuchemsha maji leo ana haki ya kuonekana ameyachemsha. Mkiwa jikoni angalieni sinki bila kuonekana mnaangalia. Na kama kuna mtoto, msikilizeni.

Kwa Mwanaidi kulikuwa na mtoto, na nilichokisikia ni ukimya.

Mwanaidi alikuwa mtu wa Pemba, kutoka Wete, mwenye miaka thelathini na kitu. Aliletwa London na mume ambaye alimwacha mimba ikiwa changa, akaenda kuanza maisha mengine mji mwingine na mke mwingine. Alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye shule moja. Alijifungua msichana, Rahma, akamlea peke yake, na kwa mwaka mmoja na zaidi watu walimsifu jinsi alivyo hodari. Kisha akaacha kwenda kazini. Daktari wa mtaani alimwona mara nyingi kwa kichwa na mgongo, akampima kila alichoweza kupima, mwisho akamleta kwetu.

Mlango ulifunguliwa na jirani yake, Bi Asha, mama wa Kiunguja aliyekuwa akimletea chakula. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mwanaidi alikuwa amelala kwenye kochi amevaa buibui, kana kwamba alitaka kutoka akasahau anakokwenda. Rahma, ambaye hakuwa amefika hata miaka miwili na nusu, alikaa zuliani karibu na miguu ya mama yake. Nilipoingia hakukimbia wala hakulia. Aliniangalia, akamwangalia mama yake, akarudi kucheza na kifuniko cha sufuria bila kukigonga. Watoto wa umri ule hugonga vifuniko. Yule alikuwa ameshajifunza kutosumbua.

"Mwanaidi, unajionaje?" nikauliza.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi tu."

Nilijaribu tena, taratibu, nikitaka kujua ni kula, kuamka, au kuzungumza nami. Bi Asha akatoa kichwa jikoni. "Anakwambia mgonjwa, mama. Kwetu mtu akiumwa tunasema hawezi. Nyinyi wa bara hamsemi hivyo?"

Sisi wa Taita hatusemi hivyo. Nilikaa na neno lile siku nzima. Nimesoma maelezo mengi ya ugonjwa huu kwa Kiingereza, yenye vipengele na vipimo, na sikukutana na lililoueleza vizuri zaidi: kuumwa na kutoweza vikiwa jambo moja.

Bi Asha na wenzake wa msikitini walikuwa na maelezo yao. Walisema ni husda, labda na jini juu yake, na shehe mmoja alikuwa amemwandikia kombe, aya zinazoandikwa kwenye sahani kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji akanywa. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama nilikataza. Nikataze nini? Siku ile ndicho kinywaji pekee kilichopita kooni mwake. Nilimwambia Bi Asha dua na dawa havigombanii nafasi tumboni, alete vyote viwili, naye kuanzia hapo akawa ndiye anayehakikisha vidonge vinamezwa.

Nilikwenda kila wiki, kisha mara mbili kwa wiki. Mengi ya ziara zile yalikuwa kukaa. Siku moja nilimwambia uji wake uko kwa meza. Akafumbua macho. "Kwa meza ndiyo wapi?" akauliza. "Meza ina kwake?" Nikasema, basi, juu ya meza. "Mezani," akasema, akafumba macho tena. Nilishuka ngazi nikitabasamu peke yangu. Kiswahili changu kibovu kilikuwa kimemwinua mgonjwa kwa dakika nzima, na sijui ni dawa gani nyingine iliyoweza hilo wakati ule.

Lakini haikudumu. Baridi ilipoingia alizidiwa. Akawa hanywi ila akibembelezwa, na uso wake ukawa kama uso wa mtu anayesubiri kuitwa jina. Mchana mmoja nilivuta kiti mbele yake, nikamwomba Bi Asha ampeleke Rahma jikoni, nikauliza swali ambalo Maureen alinifundisha kuliuliza wazi, bila kuzunguka na bila kunong'ona. Watu hudhani ukiliuliza unampa mtu wazo. Humpi. Unamtua mzigo wa kulibeba peke yake.

"Mwanaidi, unataka kufa?"

"Kujiua ni haramu," akasema.

"Najua. Sikuuliza kama ni haramu."

Akaangalia mikono yake. "N'nataka nilale nisiamke. Kila siku. Na huyu mtoto apate mama mwengine, alo mzima. Mimi n'namharibia."

"Umefikiria utafanyaje?"

Akaitikia kwa kichwa. Nilimwambia amefanya vizuri kuniambia, na kwamba siondoki mpaka tumempatia mahali salama. Nilimwambia kwamba hayo ya kumharibia mtoto ni ugonjwa unaozungumza kwa sauti yake. Sikumtaka aniamini. Nilitaka ajue tu kwamba kuna mtu asiyeyaamini hayo.

Hospitali alikubali. Kilichomshinda ni Rahma. Bi Asha alikuwa na mume mgonjwa na nyumba yenye chumba kimoja, hakuweza kukaa na mtoto usiku na mchana. Ilibidi mtoto apelekwe kwa mama mlezi, na karatasi ya kukubali ilitakiwa iwekwe saini na Mwanaidi mwenyewe. Mnajua wenyewe jinsi watu wetu wanavyoogopa jambo hilo. Kila familia ya Kiafrika hapa ina kisa cha mtoto aliyechukuliwa.

"Mkimchukua hamtamrudisha," akasema.

"Sina uwezo wa kukuahidi atarudi," nikamwambia. "Si wangu kumtoa. Nakuahidi nitakuja hospitali kila wiki, na nitakuambia ukweli kuhusu yeye, ukiwa mzuri au mbaya."

Akaweka saini. Mkono wake ulikuwa mzito hivi kwamba jina lilichukua muda kama barua nzima. Rahma aliondoka amebebwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, ameshika kifuniko chake. Hakulia. Ningetoa chochote siku ile alie.

Hawakupata mlezi Barking wala karibu. Alipatikana upande wa pili kabisa wa London, Southall, mjane wa Kipunjabi aliyeitwa Bi Surinder. Mara ya kwanza nilipokwenda kumwona mtoto, nilijitambulisha kwa Kiingereza changu cha ofisi. Alinisikiliza, akaweka kichwa upande. "Wewe ni mtu ya Kenya?" akauliza kwa Kiswahili. Alizaliwa Kisumu, baba yake alikuwa fundi wa reli, alikuja Uingereza akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha sokoni, kilikaa kwenye kabati miaka mingi, na sasa alikuwa amekitoa kwa ajili ya mtoto.

"Toto nakuja hapa, hapana sema kitu," akaniambia. "Kiingereza, hapana. Kipunjabi, hapana. Mimi nasema, kuja kula. Yeye naangalia mimi hivi." Akafungua macho makubwa. "Halafu nakula!"

Rahma alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kwa shali. Nywele zake zilikuwa zimepakwa mafuta na kusukwa, si vizuri sana, lakini kwa upendo mwingi. Jikoni palikuwa na sufuria sakafuni na mwiko. Bi Surinder alimtua, na Rahma akaokota mwiko, akagonga. Kelele ile ilijaza nyumba. Nilimpelekea Mwanaidi kelele ile hospitalini, nikamsimulia, na yeye akageukia ukutani.

Dawa ya kwanza haikumfaa. Ya pili ilianza kazi polepole sana, na mjue kwamba wiki za mwanzo za dawa, mtu anapopata nguvu kidogo kabla ya kupata matumaini, ndizo za kuwa macho zaidi. Alikuwa na mwanasaikolojia pia, msichana mpole aliyekubali kufanya kazi kupitia mkalimani na kungoja majibu. Miezi ikapita. Siku moja nikamkuta amekaa kitandani amekasirika. Wali wa hospitali, alisema, umepikwa na mtu aliyesimuliwa wali. Mgonjwa akianza kulalamikia chakula, mimi hufurahi. Niliteremka kwenye kituo cha basi nikampigia simu Maureen, aliyekuwa amestaafu na kurudi kwao, kumsomea malalamiko hayo neno kwa neno. Alicheka. Ndiyo ilikuwa simu yetu ya mwisho, kwani alifariki kabla ya Pasaka.

Mwanaidi alipopata ruhusa ya kutoka kwa saa chache, tulipanda ile treni ya zambarau inayovuka London, kutoka Whitechapel hadi Southall. Alivaa vizuri. Alinunua mdoli. Njia nzima alikuwa akiuliza kama Rahma anakula, kama anakohoa, kama ana viatu. Hakuuliza lile alilotaka kuuliza.

Bi Surinder alifungua mlango na Rahma akajificha nyuma ya suruali yake pana, akaishika kwa ngumi mbili.

"Rahma," Mwanaidi akaita. "Rahma, mama."

Mtoto akachungulia. Kisha akavuta suruali. "Biji," akasema. "Biji, nani hii?"

Biji ni neno la Kipunjabi la kumwita bibi. Bi Surinder alishikwa na aibu mpaka shingo ikawa nyekundu. "Huyu mama yako, toto. Mama! Mimi nasema yeye kila siku," akamgeukia Mwanaidi, "kila siku mimi naonyesha picha, wallahi." Sijui "wallahi" ya Kisumu ilikaa vipi kwenye kinywa cha mjane wa Kipunjabi, lakini ilitoka kwa moyo.

Mwanaidi alikaa sakafuni palepale kwenye ukumbi mdogo, akaweka mdoli mbele yake, hakumwita tena. Tulikunywa chai tukiwa tumesimama. Kuelekea mwisho Rahma alikuja akachukua mdoli, akaenda nao. Kwenye treni ya kurudi Mwanaidi aliniambia, "Anasema Kiswahili kama Mhindi," na midomo yake ikaanza kutetemeka. Nilidhani atacheka. Akalia, kutoka Southall mpaka Whitechapel, machozi ya kwanza niliyomwona nayo, na watu wa treni wakasoma simu zao kwa bidii kubwa.

Tulikwenda tena, na tena. Alipotoka hospitali, na ofisi za watu wa ustawi, nazo zina mwendo wake, ziliporidhika kwamba nyumba imesimama, Rahma alirudishwa Barking. Alikuwa ameshapita miaka mitatu na nusu. Bi Surinder alimleta mwenyewe, na sanduku la nguo, na chapati kwenye karatasi ya foili. Alimbusu, akamwambia awe mtoto mzuri, akashuka ngazi haraka.

Rahma alikwenda mlangoni, akaupiga kwa viganja. "Biji! Biji, mimi nakuja! Biji!"

Nilikuwepo. Nimeona mengi kazini, ila mlio wa viganja vile sijauzoea. Mwanaidi hakumwondoa mlangoni na hakumnyamazisha. Alikaa chini kando yake. Mtoto alipochoka akalala palepale kwenye zulia, kichwa chake si pajani pa mama, lakini karibu. Mwanaidi akaniambia bila kuniangalia, "Mimi ndo n'lotaka apate mama mwengine. Nilimwomba Mungu. Basi akanipa."

Nami nikakaa chini, upande wa pili wa mtoto.

Walianza upya hivyo, kama watu wawili waliopangishwa chumba kimoja. Kuna siku Mwanaidi alifanikiwa kumwogesha na kumlisha tu, na kuna siku walikwenda sokoni wakarudi na embe. Rahma alianza shule ya chekechea na Kiingereza kikamjaa mdomo. Alielewa Kiswahili cha mama yake, akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Kile Kiswahili cha Kisumu kilipukutika chenyewe. "Siku hizi hasemi tena mimi nakuja," Mwanaidi aliniambia, na nilisikia kwamba alikuwa amekizoea.

Walikuwa wakimpigia Bi Surinder simu kila Jumapili. Kisha akawa hapokei. Mwanaidi alinisumbua mpaka nikaomba ruhusa ofisini nikaenda naye. Bi Surinder alichukua muda mrefu kufungua. Alikuwa amevaa kanzu ya kulalia adhuhuri. Nyumba ilikuwa baridi, na jiko, jiko lile lililokuwa halizimwi, lilikuwa kavu.

"Mimi nachoka tu," akasema. "Mzee kwisha. Magoti."

Mimi nilikuwa bado natafuta pa kuweka mkoba. Mwanaidi alikuwa ameshapita, akafungua pazia, akamkalisha yule mama kitandani, akakaa kando yake na kumshika mkono. Akaongea naye kwa Kiswahili rahisi, taratibu, ili asipotee.

"Biji, asubuhi unaamkaje?"

"Vibaya."

"Chakula kitamu?"

"Hapana. Kama karatasi."

"Biji, unataka kufa?"

Bi Surinder aliniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye ningejibu. Kisha akaweka paji la uso kwenye bega la Mwanaidi. "Nyumba nanyamaza sana," akasema. "Toto kwenda, nyumba nanyamaza."

Alikuwa amelea watoto wa watu kwa miaka, na kila mmoja alikwenda. Mumewe alikufa, wanawe walihama, na kila mtu alimwita hodari. Hakuna aliyemuuliza. Tulimpigia daktari wake, na Mwanaidi akabaki naye hadi mwanawe alipofika kutoka Leicester. Alipata matibabu, akapata nafuu, na mwanawe akamchukua kuishi naye huko. Lilikuwa jambo jema. Pia lilimaanisha kwamba Rahma hakumwona tena, ila kwenye simu, na mtoto mdogo hajui la kumwambia mtu wa simu.

Mwanzo wa mwaka huu, wiki chache baada ya mimi kustaafu, Mwanaidi alinipigia. Bi Surinder alikuwa amefariki, kwa ugonjwa wa moyo, usingizini. Sikuwa tena nesi wa mtu yeyote, kwa hiyo niliweza kwenda msibani kama mtu. Tulikwenda Leicester sisi watatu, tukavaa mitandio pamoja na wanawake wa Kipunjabi, tukakaa mbele ya picha yake. Mwanaidi alilia kwa sauti, kama walivyolia wanawe na wakwe zake. Rahma, anayekaribia miaka sita, alimshika mama yake mkono na kumtazama kwa mshangao.

Kwenye treni ya kurudi aliuliza, kwa Kiingereza, yule bibi wa kwenye picha alikuwa nani.

"Humkumbuki?"

Rahma akafikiri. Akasema anakumbuka mkate wa moto. Labda.

"Alikuwa mama yako," Mwanaidi akasema. "Wakati ule."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naumwa."

"Wapi?"

Mwanaidi aliangalia mashamba yakipita, yenye theluji kidogo kwenye mitaro. "Pote," akasema.

Rahma alimkagua kwa macho, uso, mikono, kifua kilichokuwa bado kinapanda na kushuka kwa kulia. Nilimwona akiogopa. "Sasa pia unaumwa?"

"Leo inaniuma," mama yake akamwambia, akifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Lakini ya leo ni msiba, mwanangu. Nimempenda mtu, amekufa. Njoo hapa."

Mtoto akapanda kwenye mapaja yake, akiwa mrefu kupita kiasi kwa mapaja yale, miguu ikaning'inia njiani, na mtu aliyekuja na kigari cha kuuza chai akaikwepa akapita.